Sifa za Wakala Asiyejibu

Watu husifiwa kwa ukarimu, kwa ushujaa, hata kwa mkono mzuri wa pilau. Sijasikia aliyesifiwa kwa kutojibu barua. Hiyo ni dhuluma, na leo naiondoa. Namsifu wakala wa vitabu vya watoto na vijana, yule wa London au New York, ambaye unamwandikia mwezi wa Rajabu na Idi inapita hajasema ndiyo wala la.

Huku kwetu mwandishi hubeba mswada wake mwenyewe hadi kwa mchapishaji, akaambiwa, “Acha hapo, tutakupigia.” Uingereza na Marekani wana utaratibu. Kampuni kubwa nyingi za vitabu hazipokei mswada ambao haukuletwa na wakala. Kwa hiyo anayewaandikia watoto kwa Kiingereza na kulitamani soko lile, awe Tabata au Eldoret, lazima kwanza apige hodi kwa wakala. Hodi yenyewe ni barua ya ukurasa mmoja: kitabu ni cha rika gani, kina maneno mangapi, kinakaribiana na vitabu gani vilivyotoka karibuni, na mwandishi ni nani. Mara nyingi huambatana na muhtasari na kurasa za mwanzo. Baada ya hapo ni kungoja.

Sifa yake ya kwanza ni kwamba hufundisha bila kufungua mdomo. Mwandishi mwenye uwezo wa kuisimulia riwaya yake tangu supu ya asubuhi hadi adhuhuri hulazimika kuibana katika aya mbili. Rasimu ya kwanza ya barua huanza hivi: “Tangu enzi na enzi, binadamu amekuwa akitafuta maana ya maisha.” Rasimu ya pili hutaja mada zote: mazingira, malezi, teknolojia, umoja wa kitaifa. Kimya kinapozidi, mwandishi hufuta hiki, hufuta kile, hadi siku moja inabaki sentensi hii: “Mwanaidi, mwenye miaka 12, ana siku tatu za kuirudisha ngalawa aliyoichukua bila ruhusa.” Hapo sasa pana kitabu. Semina gani ya uandishi ingemfikisha hapo bila chai na posho?

Sifa ya pili ni usawa. Kimya na kukataliwa havijui ukubwa wa mtu. Angie Thomas wa Mississippi alikataliwa zaidi ya mara 150 kwa kitabu cha watoto alichokuwa akikitembeza mwanzo. Mwaka 2015 akamuuliza wakala mmoja kwenye Twitter kama hadithi ya vijana inayohusu harakati za Black Lives Matter ingefaa, akaambiwa ailete. Kampuni 13 zikaigombania, na The Hate U Give ikatoka mwaka 2017. Meg Cabot, aliyeandika The Princess Diaries, alizihifadhi barua zake za kukataliwa katika mfuko wa posta chini ya kitanda. Na mswada wa J. K. Rowling ulipofika kwa wakala Christopher Little, London, ulitupwa upande wa kurudishwa, kwa kuwa ofisi ile haikushughulika na vitabu vya watoto. Msaidizi wake, Bryony Evens, akavutiwa na jalada, akafungua, akasoma. Hata baada ya hapo wachapishaji 12 waliukataa kabla Bloomsbury haijaukubali. Ukinyamaziwa, basi, ujue uko na watu wa maana. Kwamba wengi zaidi walinyamaziwa na hawakusikika tena, hilo hatulitaji kwenye sherehe.

Sifa ya tatu ni heshima anayokupa mbele ya watu. Mawakala wengine hutangaza mapema: usiposikia kitu ndani ya wiki 12, ujue jibu ni hapana. Maana yake ni kwamba kwa wiki 12 nzima wewe ni mwandishi ambaye hajakataliwa. Shangazi akikuuliza harusini unafanya kazi gani siku hizi, unajibu kwa sauti ya upole, “Mswada wangu uko New York.” Na wala hukusema uongo.

Sifa ya nne ndiyo kubwa, na hapa naomba ruhusa niache mzaha. Wakala wa kweli hula kitabu kikiuzwa. Desturi ni asilimia 15 ya mapato ya mwandishi katika soko la nyumbani, na kwa kawaida 20 kwa mauzo ya nje. Kisipouzwa, hana kitu. Barua za wageni huzisoma bila malipo, baada ya kuwahudumia waandishi alionao tayari. Ndiyo maana hajibu: hakuna anayemlipa kwa kujibu, na yeye hakudai chochote.

Mtazame sasa yule anayejibu siku hiyohiyo. Mswada wa maneno 60,000 ameumaliza kabla ya chakula cha mchana. Anakuita kipaji adimu, anakuona tayari kwenye filamu, na mwishoni anaomba ada ndogo ya kusoma, au ya uhariri, au ya “kukutambulisha sokoni”. Huyo ana adabu zote ambazo wakala wetu hana, na ndiye atakayekufilisi.

Kwa hiyo, ndugu mwandishi, akusifuye na kukutumia ankara, mkimbie. Akunyamaziaye, mwache na kimya chake. Usimtukane mtandaoni, usimtumie salamu za kila Ijumaa. Wiki zake zikipita, mwandikie mwingine, na ukiwa na kitabu kipya mrudie yeye. Lakini usiingoje barua hiyo mikono mitupu: anza kuandika kitabu cha pili leo.