Muulize Mjomba Spana

SWALI: Nina Impreza ya turbo, naishi Maili Moja, Kibaha. Wakwe zangu wako Maneromango, Kisarawe. Nikikata kona kuingia uani kwao, tairi la mbele linalia ta-ta-ta-ta, na baba mkwe ameshaanza kucheza. Nimechungulia, buti ya shafti, ule mpira unaofunika jointi, imechanika. Naweza kuibadili mwenyewe? – Mkwe Mwenye Haya.

JIBU: Mpwa wangu! Umefika penyewe. Kuanzia Mlandizi mpaka Mzenga hakuna gari lililougua bila jina langu kutajwa, mara nyingine hata kwa heri. Baba mkwe usimlaumu. Mzaramo asikie ngoma halafu akae?

Hiyo inayolia ni sivijointi, kazi ya mhandisi wa Ford, Alfred Rzeppa, miaka ya 1920: gololi 6 ndani ya kikombe, tairi lizunguke sawasawa hata ukikata kona. Mini ya Waingereza ya mwaka 1959 ikaieneza. Si mbaya. Angeniuliza, ningemwambia aweke 7, moja ya sadaka. Hakuniuliza.

Tiba ya haraka: usikate kona. Ukifika kwa mkwe, pitiliza, punga mkono. Zamani ningekuagiza pia uizungushie buti mfuko wa rambo, lakini Serikali ilipiga marufuku mifuko hiyo tarehe 1 Juni 2019. Walisema ni kwa ajili ya mazingira. Mimi najua ni fitina dhidi yangu, kama ilivyo fitina kwamba Shirika la Elimu Kibaha, lililoanzishwa 1963 kwa msaada wa nchi za Nordiki, halina hadi leo sanamu yangu.

Nimetoka nje ya mada? Mada ndiyo imenikimbia. Impreza yako ina buti 8, ndani na nje kwa kila tairi, na ile ya ndani iliyo jirani na bomba la moshi hukaangwa na joto, kwa hiyo ichungulie kwanza. Legeza nati ya shafti gari likiwa bado chini. Ukishanyanyua, weka stendi. Uvunguni hakuingiwi kwa imani ya jeki. Hata mimi, ambaye vyuma hunisalimia, siingii. Futa grisi yote ya zamani, maana imeshakunywa mchanga wa Maneromango, na mchanga ndio unaosaga gololi. Jaza ile nyeusi ya sivijointi inayokuja na buti. Ya bawaba mwachie fundi milango.

Mhariri ananikonyeza, basi sikiliza upesi. Ikishafika ta-ta-ta, gololi zimeshalika, na buti mpya peke yake ni kuivika maiti kanzu. Nunua sivijointi nzima na buti yake, pamoja na nati mpya. Na kabla hujapanda gari kwenda Shaurimoyo, Ilala, kutafuta spea, andika namba ya chesisi.