Chama Kimesimama Majini

Hakuna watu wanaojua kusimama kama sisi wa Eastlands. Tunasimama kwenye foleni ya maji na mitungi mikononi, tunasimama kwenye foleni ya matatu jioni, na mvua ikinyesha tunasimama kibarazani pa duka la mtu tusiyemjua mpaka anatuuliza tunanunua nini. Kabla ya Februari 2004, Sheria za Michuki zilipoanza kutumika na kila abiria akatakiwa awe na kiti na mkanda, nilikuwa natoka Umoja hadi mjini nimesimama, Jogoo Road yote, bila kushika chochote. Mikono ilikuwa imebanwa mbavuni, ningeshika na nini? Hata sasa, mvua ikipiga saa kumi na mbili jioni, sheria ile hulala mapema, na kondakta huimba wimbo wake wa zamani kwamba ndani iko nafasi.

Kwa hivyo chama chetu kilipojadili safari ya mwisho wa mwaka ya kwenda kusimama juu ya ubao majini, mimi sikuona la kuogopa. Miaka yote huwa tunaenda mahali, tunakula mbuzi, tunarudi tukilalamikia bei ya mbuzi. Safari hii binti wa mweka hazina alikuja na video. Mama wa Kizungu mwenye mvi amesimama wima juu ya ubao, kafi mkononi, mbwa wake kaketi mbele, wanapita polepole nyuma ya nyumba za watu. Hawadaiwi na mtu. Binti alitueleza kwamba mchezo huu umetoka Hawaii, ambako walimu wa kuteleza mawimbini pale Waikiki walikuwa wakisimama juu ya mbao zao ili wawaone vizuri wanafunzi, na ulienea duniani miaka ya 2000. Mweka hazina aliuliza kama hao walimu walikosa viti.

Kilichotugusa kwenye ile video ni pale "nyuma ya nyumba". Sisi pia tuna mto nyuma ya nyumba. Jirani yangu, fundi wa pancha, aliuliza kwa nini tulipe nauli ilhali Mto Ngong unapita hapa Donholm. Mkutano ulinyamaza. Kila mtu alikuwa anaunusa kwa mawazo.

Mto huo haukuzaliwa hivyo. Huanza ukiitwa Motoine, huingia Nairobi Dam kule karibu na Kibera, hutoka ukiitwa Ngong, kisha hupita Mukuru na viwandani, hivyo ukifika kwetu umebeba kila kitu isipokuwa maji. Bwawa lenyewe lilijengwa mwaka 1953, ekari 88 hivi, na lilikuwa na klabu ya mashua za matanga. Naomba msomaji alirudie hilo taratibu: watu walikuwa wakitweka tanga Nairobi. Leo magugu maji yamelifunika hata mgeni akiliona hudhani ni shamba la mtu. Hapo unaweza kujaribu kusimama bila ubao, ingawa mimi sitakuwapo.

Na ajabu ni kwamba John Michuki yuleyule aliyetukalisha kwenye matatu ndiye aliyepewa Wizara ya Mazingira mwaka 2008, akaushika Mto Nairobi kwa ukali uleule aliowashikia makondakta. Kipande cha karibu na Globe kilipendeza hata baadaye bustani ya pale ikapewa jina lake. Alifariki mwaka 2012, kabla usafi haujafika huku kwetu. Nadhani mzee alikuwa na mpango kamili: kwanza atukalishe barabarani, halafu atusimamishe mtoni.

Basi mkutano ukapitisha Sagana, kilomita kama mia moja kutoka Nairobi, kwenye Mto Tana. Tulifikia kambi moja iliyo mahali mto unapopanuka na kutulia kabla ya kuingia kwenye maporomoko, yale ambayo vijana huyashuka kwa mashua za mpira wakipiga mayowe. Fundi aliuliza kuhusu viboko. Kijana wa kutuongoza akasema viboko wako chini huko Masinga. Fundi akataka kujua kama viboko wenyewe wana habari.

Ubao huja umekunjwa kwenye mkoba, ndipo ukaujaze hewa. Hapo fundi alifurahi, maana hatimaye tumefika kwenye taaluma yake. Kijana akamwambia hewa ifike 15 kwenye geji. Fundi alicheka kwa sauti. Tairi la gari dogo, alisema, hula 30, na yeye hulijaza huku anapiga stori. Akakamata pampu ya mkono. Alisukuma, akasukuma, sindano ya geji imelala tu kwenye sifuri. Akatangaza kwamba geji imekufa. Kijana akamwambia aendelee, ubao unameza hewa nyingi kwanza kabla sindano haijaamka. Ikaamka kweli, ikapanda, na ilipokaribia 10 pampu ikaanza kumrudishia fundi kila alichoipa. Pampu hizi zina bomba nene ili zijaze haraka, na unene huohuo ndio hukugeukia hewa ikikaza. Shati lake lilikuwa limelowa kabla hajaugusa mto. Kazini, alikiri baadaye kwa sauti ya chini, ana kompresa.

Halafu zikaja kamba. Mimi nilijua hufungwa mguuni, lakini kijana akatufunga kiunoni, mkanda wenye kifyatuzi. Kwenye maji yanayotembea, alieleza, kamba ya mguuni inaweza kunasa kwenye mzizi ikakushikilia chini usiifikie. Ya kiunoni unaivuta mara moja, unakuwa huru. Mweka hazina alisikiliza maelezo yote, akasema yeye hafungwi, hajaiba. Ilibidi mwenyekiti asimame kueleza kwamba kamba ni ya ubao, ubao ndio unaozuiwa kutoroka. Akakubali, akaufunga mkanda juu ya jaketi la kuokolea kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa umeshika simu, ambayo ndiyo iliyo na laini ya M-Pesa ya chama. Simu ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki wenye mishikio, ule wa supamaketi, wa kabla ya marufuku ya Agosti 2017. Alikuwa ameuhifadhi kabatini miaka yote hiyo. Watu wawili watatu waliomba kuugusa.

Kafi za mchezo huu ni ndefu, na bapa lake limepinda kidogo. Sote tulizishika kama upawa, upande wa ndani ukitazama kwetu tuchote vizuri. Ni kinyume: bapa hupindia mbele. Kijana alitembea ufukweni akitugeuzia kafi mmoja mmoja, na alipofika mwisho wa mstari, wa kwanza alikuwa ameshageuza tena.

Kwenye magoti tulikuwa watu wa heshima. Tulipiga kafi, tukasalimiana katikati ya mto, mwenyekiti akaanza hata kuzungumzia michango iliyochelewa. Shemeji yangu wa Lamu ndiye wa kwanza kusimama. Aliinuka tu, akateremsha kafi akitafuta chini ya mto, maana kwao mtumbwi husukumwa kwa upondo, mtu kasimama nyuma, tangu utotoni. Akazunguka mara moja, akarudi ufukweni, akauliza kama ni hili ndilo tulilokuwa tukilichangia tangu Machi.

Nikasimama mimi. Magoti yalianza kutetemeka yenyewe, na tetemeko likashuka kwenye ubao, ubao ukalipokea na kulirudisha juu likiwa limeongezeka.

"Mzee, usiangalie miguu! Angalia mbele, upige kafi! Ubao ukisimama ndio unayumba!"

Nilikuwa nafahamu Kiswahili chote hicho. Lakini hapo ndipo nilipogundua siri ya kusimama kwetu kote. Kwenye matatu huwa hatusimami, tunasimamishwa: kulia kuna bega la mtu, kushoto begi la mwanafunzi, mgongoni mama na kuku wake. Ukiwatoa hao wote hubaki mtu ambaye hajawahi kujitegemea hata kutoka Umoja hadi Hamza. Mwili wangu, ukijua hivyo, uliamua kutafuta abiria wa karibu. Aliyekuwa karibu ni mweka hazina, kwenye ubao wake, bado kapiga magoti, anaangalia simu. Nilimshika bega kwa adabu zote za Jogoo Road. Tuliingia majini pamoja.

Maji ya Tana ni baridi. Niliibuka nikiwa na patapata moja. Ya pili niliiona ikielekea kwenye maporomoko kwa utulivu ambao mimi sikuupata. Ikipona huko itaingia Masinga, halafu Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, mabwawa matano ya umeme, na mashine zake zikiwa na huruma itatokea Kipini baharini. Mweka hazina aliibuka mkono mmoja juu. Mfuko wa 2017 ulikuwa mkavu ndani. Alinitazama kwa muda, hakusema kitu, akapanda ubao wake.

Ndipo simu ikalia. Alikuwa ni keateka wa ploti yetu.

Niliona uso wa mweka hazina ukibadilika. "Maji?" akauliza. "Yamekuja? Sa'ngapi?"

Habari ilisambaa mtoni haraka kuliko mkondo. Siku kadhaa mifereji ya Umoja ilikuwa inatoa pumzi tu, na leo, ploti nzima ikiwa Sagana ndani ya maji, maji yamefika nyumbani. Yenyewe hutoka upande huuhuu: mengi ya Nairobi huja kutoka bwawa la Ndakaini, Murang'a, kwenye Mto Thika, na Mto Thika huja kumwaga Tana. Tulikuwa tumepishana nayo njiani. Fundi aliita kijana wake kwa sauti kana kwamba Umoja ingesikia. Mwenyekiti alitaka kujua gari linaweza kuondoka saa ngapi.

Mweka hazina alipiga simu kwa binti yake mdogo, aliyebaki nyumbani. Mtandao ukakatika. Akainua simu juu. Ikashika kidogo. Akainuka goti moja, halafu la pili, na bila kumwangalia mtu wala maji, akasimama wima juu ya ubao, miguu imeachana sawasawa, macho mbele, simu sikioni, kafi mkono wa pili ikichapa maji kwa hasira kila alipotaja chombo.

"Jaza mitungi yote! Ile ya bluu pia! Halafu ndoo! Halafu beseni ya nguo, mwaga nguo!"

Ubao ulikuwa unakwenda bila kutikisika. Kijana alituambia tumtazame, hivyo ndivyo inavyofanywa. Tulimtazama akiteremka na mkondo, akihesabu masufuria, na yule kijana akaanza kumfuata polepole, kisha haraka, maana maporomoko hayakuwa mbali.

"Nini?" tulimsikia akisema. "Umefika wapi? Beseni ya pili?"

Akanyamaza, akasikiliza.

"Yamepotea?"

Akaangalia chini.