Shajara ya Bohari ya Zahanati, Kipalapala

Jumatatu. Glovu zimeletwa na bodaboda, boksi moja limelowa. Zote ni saizi kubwa. Oda na ankara zote zinasema saizi ya kati. Mkunga amevaa jozi moja, akabana kiganja kwa plasta; ncha za vidole zinaning'inia na hawezi kupapasa mshipa wa mtoto. Nimeandika barua ya kurudisha mzigo. Bodaboda alishaondoka.

Jumanne. Tumetoa glovu za akiba, zile za bei nafuu. Zinachanika, hivyo wakunga wanavaa mbilimbili kila mkono. Boksi la glovu 100, lililopaswa kuhudumia wagonjwa 50, linaishia kwa 25. Kwenye ulinganisho wa bei ndizo zilizoshinda. Nimeongeza safu ya gharama kwa mgonjwa mmoja. Mhasibu anasema fomu haina safu hiyo. Nimeichora kwa rula.

Jumatano. Mzee mmoja ametembea tangu alfajiri kuja kupima sukari. Mashine ipo, betri ipo, vibanzi vipo, ila ni vya mashine ya kampuni nyingine. Hii yetu tulipewa bure, na vibanzi vyake Tabora nzima sijavipata. "Basi niende wapi, mwanangu?" Nimemwelekeza Hospitali ya Kitete. Nauli kachangiwa na muuguzi. Nauli ile haitaingia kwenye hesabu yoyote ya zahanati, na inaniuma.

Alhamisi. Muuzaji kaja na vidonge vya amoksilini kwa nusu bei, vimebakiza miezi minne kuisha muda. Kwa matumizi yetu vingechukua miezi tisa, na kuteketeza dawa iliyoisha muda nako kunagharimu. Nimemweleza pia utaratibu: tunaanza Bohari ya Dawa ya serikali, dawa ikikosekana huko ndipo tunakwenda kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi aliyeteuliwa na mkoa, mfumo ulioanza kujaribiwa Dodoma mwaka 2014. Kaondoka bila kuaga.

Ijumaa. Mchwa wamekula kona ya leja. Takwimu za chumvichumvi za kuhara zimepotea za wiki mbili, na maoteo ya robo mwaka yanazitegemea. Nimezitafuta upya kwenye rejista ya wagonjwa, jina kwa jina, hadi giza likaingia.

Jumapili. Nimefika Kwihara, kwenye tembe alilokaa mvumbuzi David Livingstone mwaka 1872 akisubiri wapagazi. Mwaka 1867 wapagazi waliotoroka walikuwa wameondoka na sanduku lake la dawa. Niliporudi nimehamishia sehemu ya dawa za dharura kwenye kabati la pili, lenye ufunguo wake, ili zisipotee zote kwa mpigo.

Jumatatu. Kamati imekaa. Kuanzia sasa mkunga na mtu wa maabara watashika sampuli mkononi kabla oda haijasainiwa. Safu yangu ya gharama kwa mgonjwa imepita. Barua ya glovu haijajibiwa. Nanyi mnaopanga kutuzawadia mashine, tafadhali tuulizeni kwanza vibanzi vyake vinauzwa wapi na kwa shilingi ngapi.