Asante kwa Kutulindia Vitabu: Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Chuo

Kwa Padri Mkuu wa Chuo,
Chuo chetu kidogo cha Kikatoliki.



YAH: SHUKRANI ZA WANAFUNZI KWA ULINZI WA VITABU

Baba, husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwanafunzi wako wa mwaka wa tatu, shahada ya ualimu, masomo ya Kiswahili na Historia. Naandika kushukuru. Nimetembelea vyuo vya wenzetu nikaona vitabu vilivyochoka: pembe zimekunjwa, mistari imepigwa kalamu, kurasa zina mafuta ya chipsi. Vya kwetu vinang'aa. Juzi nilibahatika kushika kimoja cha saikolojia ya elimu, na nilipokifungua mgongo ukalia kwa mara yake ya kwanza tangu kitoke kiwandani. Niliona aibu, kama mtu aliyekanyaga sakafu iliyodekiwa sasa hivi.

Usafi huo haukuja hivihivi. Maktaba inafunguliwa saa 3 asubuhi na kufungwa saa 10 jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Vipindi navyo vinaanza saa 2 asubuhi na kwisha saa 10 jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Aliyezioanisha ratiba hizi mbili apewe shahada ya heshima. Ipo saa moja ya chakula cha mchana, lakini mkutubi naye ni binadamu, anakula. Jumamosi ni usafi na mazoezi ya kwaya. Jumapili ni siku ya Bwana. Tarehe 28 Januari, sikukuu ya Mtakatifu Thoma wa Akwino, ambaye Papa Leo XIII alimtangaza mwaka 1880 kuwa msimamizi wa vyuo na shule za Kikatoliki, tunasali misa, tunakula pilau, na kwa heshima ya msomi huyo maktaba haifunguliwi kabisa.

Nisieleweke vibaya kuhusu Sista. Yeye ni mkutubi, ni mlezi wa hosteli ya wasichana, ni msimamizi wa kwaya, na mwanafunzi akishikwa na homa usiku wa manane ndiye anayempeleka zahanati. Funguo zote ziko kwenye kamba moja kiunoni mwake. Akienda benki, maktaba nayo imekwenda benki. Kengele ya Masifu ya Jioni ikilia, kufuli linaitika kabla yake. Achille Ratti alifanya kazi ya ukutubi Milano, akaenda kuongoza Maktaba ya Vatikani, na mwaka 1922 akawa Papa Pio XI. Sina uhakika angefika huko kama angepewa na hosteli ya wasichana.

Wapo wenzangu wenye ndimi kali wanaosema maktaba yetu ni ya zama za kati. Nawakatalia. Zama za kati walijitahidi zaidi. Kwenye kanisa kuu la Hereford, Uingereza, vipo vitabu vilivyofungwa minyororo kwenye rafu mpaka leo. Mgeni anaweza kucheka, lakini aangalie vizuri: mnyororo umefungwa ukingo wa mbele wa jalada, si mgongoni, na urefu wake unatosha kitabu kushushwa hadi meza iliyo chini ya rafu kikafunguliwa na kusomwa, bila hata kukizungusha. Mwizi hakipati, msomaji anakipata. Kufuli letu halijui tofauti ya hao wawili.

Mtakatifu Benedikto naye, katika sura ya 48 ya Kanuni yake, aliagiza kila mmonaki apewe kitabu wakati wa Kwaresima, akisome chote mfululizo. Akaongeza wazee mmoja au wawili wa kuzunguka monasterini saa za kusoma, wamnase ndugu anayepiga soga. Sisi Kwaresima tunaacha nyama. Vitabu tulikwisha kuviacha. Lakini wazee wa kuzunguka tunao: mlinzi huwafukuza wanaokutwa wamekaa kwenye ngazi za maktaba baada ya saa 10, wakingoja miujiza.

Kuazima kunawezekana, nisiseme uongo. Unahitaji kitambulisho, risiti ya ada, saini ya mhadhiri wa somo, na Sista awepo. Kanisa lilikuwa na Orodha ya Vitabu Vilivyokatazwa tangu 1559 hadi ilipoondolewa mwaka 1966, na hata enzi hizo msomi mwenye sababu aliweza kuomba ruhusa kwa askofu akasoma. Askofu mmoja. Sisi tunahitaji watu wawili wakubaliane siku moja, na mmoja wao yuko benki.

Sasa nikupe habari itakayokufurahisha. Maktaba ya Vatikani, iliyopewa hati rasmi na Papa Sisto IV mwaka 1475, imeweka maelfu ya hati zake za kale mtandaoni, bure. Usiku mmoja, nikiwa kitandani bwenini, kwa bando la jero, nilifungua hati ya mashairi ya Virgil iliyoandikwa yapata mwaka 400, yenye picha za rangi. Niliikuza mpaka nikaona rangi ilivyobanduka kwenye ngozi. Kilatini sijui hata kidogo. Kisha nikakumbuka kwamba kesho yake nilitakiwa kukusanya kazi ya Falsafa ya Elimu, na kitabu chake kiko hatua chache kutoka kitanda changu, nyuma ya mlango. Papa, ambaye hanijui, ameniamini na hati isiyo na pacha duniani. Chuo changu, chenye ada yangu, kinahofia nitatoroka na mwongozo wa kuandaa azimio la kazi.

Basi tunaishi kwa desa. Mhadhiri wetu wa muda anafundisha vyuo vitatu, analipwa kwa kipindi, tena malipo yakifika. Anashuka kwenye Kosta akiwa na flashi mfukoni, anaiacha stesheneri ya getini, nasi tunatoa nakala, na nakala ya nakala. Mwaka jana ukurasa wa 34 ulikwama kwenye mashine. Darasa zima likajibu swali la tatu la mtihani hadi pale ukurasa wa 33 ulipoishia, katikati ya sentensi: "kwa hiyo mwalimu anapaswa". Anapaswa nini, hakuna ajuaye. Tulijiandaa kwa sup. Matokeo yalipotoka tukawa tumepata alama zote za swali hilo, ndipo tulipoelewa kwamba nakala ya mhadhiri nayo ilipita kwenye mashine ileile.

Utasema vitabu vinaongezeka. Kweli. Parokia rafiki ya Ujerumani hutuletea maboksi, nasi huyapokea kwa vigelegele. Mara ya mwisho yalikuwa na sheria za kodi za Ujerumani, kwa Kijerumani, mwongozo wa Windows 95, na ensaiklopidia isiyo na juzuu ya S. Vyote vimepangwa kwa namba za Dewey. Rafu ya 200, ya dini, imemaliza kuta mbili. Sina ugomvi nayo, chuo ni cha Kanisa. Lakini rafu ya 896.392, yaani fasihi ya Kiswahili, naweza kuibeba yote kwapani. Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969, haimo hata humo. Imefungiwa kwenye kabati la kioo chini ya picha yake, wageni waione. Hati ya Papa Yohane Paulo II ya 1990 kuhusu vyuo vikuu vya Kikatoliki, Ex Corde Ecclesiae, inayotajwa kila mahafali, naamini ipo. Naona mgongo wake dirishani.

Kwenye mchanganuo wa ada, kati ya kitambulisho na michezo, upo mstari wa maktaba. Naulipa kila mwaka kwa kontroli namba. Mwaka huu tumejengewa geti jipya. Geti ni zuri.

Nimalizie na siku ya wakaguzi, kwa sababu siku hiyo ndiyo niliyokupenda zaidi. Kuta zilipakwa rangi. Intaneti ilifufuka. Tangazo likabandikwa: mwaka wa tatu wavae nadhifu, wakae maktabani kuanzia asubuhi, waonekane wanasoma. Baba, mimi nilipitiliza maagizo. Nilisoma. Nilichukua kitabu cha Walter Rodney kuhusu Ulaya ilivyoidumaza Afrika, kilichochapwa mwaka 1972, wakati yeye mwenyewe akifundisha pale Mlimani, Dar es Salaam. Hakuna aliyeniuliza risiti. Hakuna aliyenitoa nje. Sista alinipitia akatabasamu, na ulipowaleta wageni ulininyooshea kidole kwa fahari ukawaambia, "Hawa ndio vijana wetu." Jioni wakaondoka, kufuli likarudi. Kesho yake nilipokiulizia kitabu nikaambiwa kiko rezevu, hakiazimwi.

Niliishia sura ya tatu, ambapo Afrika inachangia maendeleo ya Ulaya. Nasikia ya nne ndiyo inayoeleza kilichotupata sisi.

Kwa hiyo ombi langu ni moja, wala haligusi bajeti ya geti: naomba kufahamishwa tarehe ya ukaguzi ujao. Shati jeupe ninalo, na safari hii nitawahi kiti cha karibu na rafu.

Wako katika Kristo,
Mwanafunzi wa mwaka wa tatu

Nakala:
Sista Mkutubi (iachwe getini, kwa kuwa ofisi imefungwa)
Mshauri wa Wanafunzi
Stesheneri ya getini, kwa kurudufu. Tafadhali mhakikishe kurasa zote zimetoka