Ukitaka Divai ya Embu, Anza na Mti wa Popo

Usipande mizabibu. Dodoma wanayo, na kwa kuwa huko hakuna baridi kali ya kuilaza, huivuna mara mbili kwa mwaka. Wewe uliye Embu au Meru una muratina, divai ambayo zabibu zake hukamuliwa na nyuki.

Anza kwa kumchumbia mrina asali. Nasema kumchumbia kwa sababu utakwenda kwake zaidi ya mara moja, utakunywa chai yake na kuulizia hali ya mbuzi wake. Shuka Mbeere au Tharaka, kwenye joto na migunga, ambako mizinga ya magogo hutundikwa mitini. Omba asali ikiwa bado kwenye masega. Meru asali huhesabiwa katika mahari pamoja na ng'ombe na kondoo, kwa hiyo anayeichakachua kwa sukari anawapunja wakwe.

Sasa tafuta tunda la mwegea, na hapa mtu asikuharakishe. Mwegea ni mti wenye maua ya rangi ya damu iliyoiva, yanayofunguka usiku na kuchavushwa na popo. Matunda yake huning'inia kama soseji, mengine yakifika sentimita 60 na kilo kadhaa, basi usilale chini yake. Likiwa bichi ni sumu. Lipasue kwa urefu, lianike likauke, lichemshe, mwaga maji, lianike tena. Kisha liloweke katika maji ya asali kidogo karibu na meko, usiku kucha na mchana kutwa. Hayo maji nayo mwaga, ulikaushe. Nyuzi zake sasa zimebeba chachu, na chachu hiyo hulala humo ikingoja kazi. Kipande kilichokwisha kuchachusha mara nyingi kina thamani kuliko kipya. Nyumba isiyo nacho huomba kwa jirani; ukinyimwa, kamalizeni kwanza ule ugomvi wa mpaka.

Usitie hamira ya mandazi! Nimeonja pombe ya hamira: iliiva upesi, ikanuka unga mbichi.

Pima kilo moja ya asali kwa lita tatu au nne za maji vuguvugu, yasiyozidi joto la mwili, maana maji ya moto yataua chachu uliyoilea kwa siku zote hizo. Asali nzito haichachuki kwa kuwa maji yake ni machache mno. Ukiizimua ndipo inapoamka. Wenye miwa kando ya mto huongeza maji ya miwa, nami niko upande wao, kwa sababu asali peke yake ni lishe duni kwa chachu. Mimina katika kibuyu, tumbukiza vipande, kivike blanketi, kiweke karibu na meko. Usikaze kifuniko, gesi ikikosa njia itapasua chombo.

Ngoja siku mbili, tatu, hata nne kukiwa na baridi. Usichungulie kila saa. Tega sikio: ikichemka vizuri utasikia rasharasha ya mvua kwenye majani ya mgomba. Mashemeji watasikia pia, na wataanza kupita kukusalimu.

Sauti ikififia, onja. Utamu ukiwa umepungua na ulimi unachomwachomwa, chuja. Kuuza kunataka leseni, kwa hiyo usiuze. Kijana wa chini ya miaka 18 abaki na uji wake. Mzee mkubwa kuliko wote apewe wa kwanza, akiwa ameketi, na msimsemeshe mpaka ameze.

Kisha rudi kwenye vipande. Vioshe, vianike juu ya dari ya jikoni moshi unapopita. Kimoja kifunge kwa jani kavu la mgomba, umpelekee binti yako aliyeolewa ng'ambo ya Thuci, upande wa Chuka, kabla hajaanza kuomba kwa majirani.