Ombi la Kituo cha Kukagua PDF Mpakani: Barua ya Wazi kwa Bodi ya Hakimiliki

Kwa Mwenyekiti na wanachama wa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, Nairobi.

Waheshimiwa,

Pokeeni salamu za mpakani, huku ambako hakuna kisichokaguliwa. Lori la transiti likifika Malaba na shehena ya karatasi za kuchapia vitabu, kontena lake limefungwa lakiri ya kielektroniki ambayo mamlaka za mapato za Kenya na Uganda huifuatilia njia nzima. Stakabadhi zimetangulia kusomwa, foleni imekula siku zake, mihuri imegongwa. Dereva wa lori hilohilo ana simu kwenye mfuko wa shati, na ndani ya simu mna kitabu kizima cha kutengeneza injini za dizeli, michoro yote na vipimo vyote, alichorushiwa na mwenzake wakinywa chai Eldoret. Kitabu kinavuka bila lakiri, bila tamko la forodha, bila hata kuulizwa kinakwenda kwa nani. Karatasi tupu zimekaguliwa hadi zikachoka. Maandishi yamepita yakipunga mkono.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu wote, mtujengee kituo cha pamoja cha kukagua PDF. Busia tayari tunacho cha watu na mizigo, kilichozinduliwa na Rais Kenyatta na Rais Museveni Februari 2018, na haitakuwa taabu kuongeza dirisha moja. Kila msafiri atafungua simu, afisa apekue makundi ya Telegram moja baada ya jingine, na kitabu kisicho na risiti kirudishwe kilikotoka. Ile stika ya usalama ambayo sheria iliitaka ibandikwe kwenye kanda na diski za muziki na filamu itafaa pia. PDF haina kasha, ni kweli, lakini kioo cha simu kina nafasi. Na kwa kuwa Sheria ya Hakimiliki, tangu marekebisho ya 2019, humpa mtoa huduma ya intaneti saa 48 za kazi kuondoa kazi iliyolalamikiwa, ningeomba saa hizo zipimwe kwa saa ya foleni ya Malaba, ambayo madereva wanaijua vizuri kuliko wanasheria.

Mzaha huu nimeuvuta kwa sababu ndivyo tunavyozungumzia uharamia wa vitabu: kana kwamba ni shehena, na dawa yake ni geti refu zaidi. Chini ya mazungumzo hayo kuna dhana ambayo sijaona ikichunguzwa, kwamba msomaji wetu hataki kulipa. Basi ingieni saiba yoyote, yale maduka ya kompyuta na kuchapa, mjini Busia asubuhi, mkae kwenye benchi la wanaosubiri. Kijana anayejiandaa kwa mtihani wa uwakala wa forodha anamtumia mwenye mashine faili. Mwenye mashine anauliza, “Mbele na nyuma?” Kurasa zinatoka, wino umefifia kwenye majedwali ya ushuru, ukurasa wa hakimiliki umerukwa ili kuokoa shilingi, kisha rundo linatobolewa na kufungwa spairo nyeusi na jalada la plastiki. Tupige hesabu kwa bei ya kukisia: kurasa 300 kwa shilingi 3 ni 900, kufunga 100, jumla 1,000. Noti nzima imetoka mfukoni. Mwenye saiba amelipwa, muuza karatasi amelipwa, muuza wino, kampuni ya umeme, na kampuni ya simu iliyouza bando la kupakulia faili. Katika msafara wote huo amekosa mtu mmoja tu, aliyeandika.

Na huyo angepata nini kama kijana angenunua kitabu dukani? Mrabaha wa kawaida ni kama asilimia 10 ya bei, yaani shilingi 100 kwa kitabu cha 1,000, tena baada ya mchapishaji kufunga hesabu za mwaka. Elfu nzima inayoliliwa kwenye mikutano si ya mwandishi. Sehemu kubwa ni ya mchapishaji, msambazaji, mwenye duka, na ya Hazina, kwani Sheria ya VAT ya 2013 ilikibandika kitabu asilimia 16. (Hilo si kosa lenu, najua. Lakini mkikutana na watu wa Hazina kwenye lifti, waulizeni kwa nini waliweka tozo kwenye njia halali wakaiacha ya magendo bila hata kizuizi cha mti.) Kwa mwandishi hesabu ni nyepesi zaidi: kuna noti ya 1,000 mezani kwenye saiba, na yeye anatafuta shilingi 100 ndani yake.

Namna ya kuzipata, mpaka wetu umekwisha kuifundisha. Njia za panya bado zipo, na anayesema zimekwisha hajawahi kulala Busia. Lakini mama mwenye magunia mawili ya maharagwe anayepita getini leo hapiti kwa kuwa alihubiriwa uzalendo. Anapita kwa kuwa chini ya utaratibu mwepesi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, bidhaa zilizomo kwenye orodha na zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani hupewa cheti chepesi cha asili palepale mpakani, bila kumlipa wakala. Getini pamekuwa karibu na nafuu. Vichakani pamebaki na matope na hongo. Kitabu cha ufundi hakijapata cheti chepesi cha namna hiyo. Anayekitaka kwa halali aende Kisumu au Nairobi akakiulize, angoje kiagizwe, alipe na kodi juu. Anayekitaka kwa magendo anabonyeza mara moja. Kisha tunashangaa panya wanene.

Tazameni M-Pesa ilivyofanya tangu 2007. Haikujenga tawi kila kijiji, iliwakuta wenye maduka waliokuwa tayari wanauza sukari na sabuni, ikawapa kamisheni. Saiba ya Busia inaweza kuwa wakala wa mwandishi kwa njia iyo hiyo: ukurasa wa kwanza wa faili ubebe namba ya kulipia na bei ya shilingi 100, mwenye mashine abakishiwe 20, na mteja apate kitu ambacho nakala ya wizi haiwezi kumpa. Kuhusu kurusha ovyo, wachapishaji wa Pragmatic Programmers huko Marekani huandika jina la mnunuzi kwenye kurasa za kitabu cha kielektroniki, wala hawafungi faili kwa kufuli lolote. Wakala wa forodha mwenye jina lake mjini atafikiri mara mbili kabla ya kurusha kwenye kundi la watu 200 kitabu kinachotembea na jina hilo.

Lakini kitu hicho ambacho wizi hauwezi kutoa ni nini hasa? Kitabu cha ufundi kina tabia ambayo riwaya haina: kinaoza. Kwa kawaida Juni mawaziri wa fedha wa Kenya na Uganda husoma bajeti, na tarehe 1 Julai viwango vipya huanza kutumika. Mwaka 2022 ushuru wa pamoja wa forodha wa Jumuiya uliongezewa ngazi ya nne ya asilimia 35, juu ya zile za 0, 10 na 25. Tangu asubuhi hiyo, kila PDF ya 2021 inayozunguka kati ya Busia na Malaba inafundisha makosa kwa sauti ya uhakika, na mwenye kuitegemea atasahihishwa na afisa kwenye dirisha, mbele ya mteja wake. Kitabu kilichoeleza Simba, mfumo wa zamani wa forodha, kimegeuka historia tangu mamlaka yetu ya mapato, KRA, ianze kuhamia mfumo wa iCMS. Mharamia ananakili kilichokwisha kuandikwa. Mabadiliko ya Julai ijayo hana. Mwandishi anayejua hivyo haachi riziki yake kwenye faili. Anauza masahihisho ya mwaka, majibu ya maswali, siku ya mafunzo kwa makarani wa kampuni ya uwakala, na leseni moja ya kampuni nzima. Faili inayosambaa inakuwa kipeperushi chake, na wengine wanamlipia gharama ya kukichapa.

Si nadharia mpya. Tim O'Reilly, mchapishaji wa vitabu vya kompyuta, aliandika mwaka 2002 kwamba kutojulikana ni tishio kubwa kwa mwandishi kuliko uharamia, na wakati huo kampuni yake ilikuwa tayari inauza usomaji kwa usajili. Michael Hartl, mwalimu wa programu za kompyuta, aliweka somo lake la Ruby on Rails mtandaoni lisomwe bure, akauza faili za kupakua na video. Mtasema hao ni Wamarekani, wana kadi za benki na soko la dunia. Ni kweli kuhusu soko. Kuhusu kadi, mtu wa huku hulipa chapati kwa simu, na kati ya mageti kuna wabadilishaji fedha wenye mabunda mawili mkononi, la Kenya na la Uganda, wanaomaliza kwa dakika moja jambo ambalo sheria mbili za hakimiliki, yetu ya 2001 na ya jirani ya 2006, hazijamaliza. Msomaji wa Busia ya pili, ya Uganda, yuko mwendo wa dakika chache, na mamlaka yenu yanaishia kwenye geti. Shilingi zake haziishii hapo.

Na kama mfano wa mbali hauwatoshi, chukueni wa hapa. Boda boda zilianza Busia miaka ya 1960, baiskeli zikivusha watu kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine, kisha zikaenea Malaba na Afrika Mashariki ikaiga jina. Barabara ile ilikuwa ya bure, na mwenye miguu aliweza kutembea. Wenye baiskeli hawakuandikia wizara kulalamika kwamba watu wanatembea. Waliuza kubebwa.

Najua jibu lenu: huku ni kubariki wizi, na mwandishi amegeuzwa mchuuzi. La kwanza silikubali. Anayechapa maelfu ya nakala bandia na kuzisambaza ana stoo, ana gari, ana karatasi za kuhesabika. Huyo mfuateni na polisi, na geti letu litawasaidia, kwa kuwa ndiyo kazi ambayo geti linaiweza. Kumfukuza kijana wa spairo ni kumfukuza mteja. La pili lina uzito. Kuna mwandishi wa hisabati asiyejua kusimama mbele ya darasa, kuna mgonjwa, kuna mzee aliyeandika mwongozo mzuri wa ufugaji miaka 20 iliyopita na hana sasisho la kuuza. Hao hawataishi kwa mafunzo. Kwa ajili ya watu kama hao Denmark ilianza mwaka 1946 kuwalipa waandishi kwa vitabu vyao kutumika maktabani, na Uingereza ikatunga sheria yake 1979. Sisi tuna KOPIKEN, chombo cha kukusanya ada za kunakili, na barabara kutoka Busia hadi Malaba ina Chuo Kikuu cha Alupe, kilichopata hati yake 2022. Penye wanafunzi pana fotokopi, na kila fotokopi ina kaunta inayohesabu kurasa bila kuchoka. Kinachohitajika ni leseni ya bei ambayo saiba ndogo inaweza kuilipa bila kujificha, na daftari la vitabu vinavyonakiliwa, ili fedha zimfuate aliyenakiliwa badala ya aliyehudhuria mkutano.

Kama bajeti ya kituo cha PDF ilikuwa imeshatengwa, basi, ombeni ihamishiwe kwenye daftari hilo. Stika zilizobaki tutumieni. Saiba zitazibandika mlangoni kuonyesha kwamba leseni imelipwa, na hapo hatimaye zitakuwa na mahali pa kukaa.

Barua hii inaruhusiwa kunakiliwa pande zote mbili za mpaka. Ikichapwa ni kurasa tatu. Mwenye mashine atachukua shilingi zake tisa.

Wenu katika foleni,

Mwandishi wa vitabu vya ufundi, Busia