Wapishi 16, Mwiko Mmoja

Hongereni, mafundi wa injini ya uigaji. Mmenunua mashine ya kori 16, mkaigawia kazi nyuzi 16, kila uzi na mtaa wake wa magari ya kuigiza. Kisha, ili wateja wajiandikie kanuni zao bila kugusa C++, mkamkaribisha Python ndani. Mgeni mpole, maneno matamu; ila kaja na kufuli lake, na ufunguo ni mmoja. Uzi mmoja ukiushika, wenzake 15 wanajipanga kama ndoo bombani. Kila milisekunde 5 hivi ufunguo huweza kubadilisha mikono, lakini anayepika ni mmoja tu. Mkaongeza nyuzi zikawa 32. Foleni ikakua, hilo mlifaulu.

Mgeni mwingine, lugha ya Lua, mzaliwa wa Rio de Janeiro mwaka 1993, angekubali kila uzi umpe chumba chake, mlango wake. Python mwenyewe, toleo 3.13 la Oktoba 2024, alileta umbo la majaribio lisilo na kufuli hilo. Nyinyi mkaleta bango: “Injini yetu hutumia kori zote!”

Zote, ndiyo. Kwa zamu.